Maziwa Juu ya Jiwe la Mpaka

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa saba, baridi ya kwetu Endagikot imetuingia mpaka kwenye mifupa, nami nina miaka ishirini na mmoja na mimba ya miezi sita. Siku hiyo mama mkwe wangu alinikamata uongo. Haukuwa uongo wa kuangusha nyumba, lakini ulikuwa unamuua mtu taratibu, na mtu huyo alikuwa rafiki yangu.

Nakuita mwanangu ingawa kila mtu anajua wewe ni mjukuu. Nimekulea tangu hujang'oa jino la kwanza, kwa hiyo utalivumilia jina hilo. Juzi ulinipigia simu kutoka Gitting ukilia. Ukaniambia Mwalimu Zainabu, mnayefundisha naye shule moja, amejifungua mtoto mfu, na sasa ana siku nane amejifungia ndani kwenye nyumba za walimu, yeye na mumewe, na ndugu zao wote wako Lindi. Ukasema umemtumia ujumbe wa pole, na mwingine, na mwingine tena, na picha ya maua yenye maneno mazuri. Nikakuuliza kama umekwenda. Ukasema, "Bibi, nitaendaje na tumbo hili? Si nitakuwa namtonesha kidonda? Ngoja kwanza atulie."

Nikakwambia nitakujibu kwa barua, maana kwenye simu mimi husema nusu na nusu nyingine inachukuliwa na mtandao. Hii ndiyo barua. Miwani yangu imepasuka upande mmoja, kwa hiyo nivumilie mistari ikipanda na kushuka.

Paulina unamjua. Kwako wewe ni bibi mwenye mguu mbovu anayecheka mpaka anashika ukuta. Wakati ule alikuwa binti mrefu kutoka Masieda, sauti ya pili katika kwaya yetu, na alipoimba, hata wazee waliokuwa wakisinzia kanisani walinyoosha shingo. Tulibatizwa siku moja, tukaolewa mwaka mmoja, na kati ya nyumba yake na yangu palikuwa na shamba moja la mtama na jiwe la mpaka. Hata mimba tulipata kwa kufuatana, yake ikitangulia. Tulikuwa tukienda kuchota maji pamoja, tukilinganisha matumbo na kutaniana ni la nani litakaloziba njia kwanza.

Mtoto wa Paulina alizaliwa amekufa.

Ninyi watoto wa leo mambo haya mmeyasikia kwa mbali tu, acha nikueleze. Kwa sisi Wairaqw, zamani nyumba iliyopatwa na jambo la namna ile iliwekwa kando. Wazee waliita hali hiyo metimani. Wenye nyumba hawakwenda kwa watu, na watu hawakwenda kwao. Ng'ombe wao hawakuchanganywa na wa wengine, maji walichota peke yao, moto hawakuomba wala hawakuombwa, na chombo walichonywea hakuna mwingine aliyekigusa. Haikuwa chuki. Watu waliamini kwamba balaa huambukiza, na wenye balaa wenyewe walijitenga kwa kuwahurumia majirani. Hali hiyo ingeweza kuchukua miezi, hata mwaka, mpaka wazee waseme yamekwisha. Na aliyetakiwa kuogopa kuliko wote alikuwa mwanamke mwenye mimba.

Wakati ule wengi wetu tulikuwa tumeshabatizwa, na kanisani tulifundishwa kwamba mambo hayo yamepita. Nasi tuliitikia kwa sauti kubwa kwamba yamepita. Kisha tukirudi nyumbani tuliyafuata kimyakimya, kila mtu akimtazama jirani yake kwanza.

Nikwambie nilichofanya mimi. Kila asubuhi nilibeba maziwa kwenye kibuyu kidogo mpaka kwenye lile jiwe. Juu yake nilikuwa nimeweka bakuli la bati lililobanduka rangi, ambalo sikutaka linirudie nyumbani. Namimina maziwa kwa juu, bila kibuyu changu kugusa bakuli, naita, "Paulinaa! Maziwa!" halafu nageuka upesi, mkono mmoja tumboni. Kesho yake nalikuta bakuli tupu, nafurahi kwamba anakunywa. Na Jumapili, padre akituachia nafasi ya maombi, nilikuwa wa kwanza kusimama. "Ee Bwana, umfariji dada yetu Paulina katika upweke wake." Kina mama wakasema, huyu mke wa Safari ana kipaji cha kusali. Nami nikaona ni kweli, ninacho.

Katekista wetu alikuwa mtu mpole, tulimwita Mwalimu tu. Yeye alikuwa amejaribu. Alifika uani kwa Paulina, na baba mkwe wake Paulina akamwomba kwa heshima asiingie, basi akasali akiwa amesimama nje kwenye ukungu, akarudi. Jumapili ya tatu baada ya msiba alinishika mkono mlangoni mwa kanisa. "Emiliana, wewe ndiye rafiki yake," akasema. "Umeingia ndani kumwona?"

Jibu lilinitoka kabla sijalipima. "Ningeingia, Mwalimu. Ila mama mkwe amenikataza. Unawajua wazee wetu."

Akatikisa kichwa kwa kunihurumia. Na ilikuwa rahisi kumtwika mama mkwe mzigo huo, kwa kuwa Mama Safari hakuwa amebatizwa. Nani angemshangaa? Kumbe yeye hakuwahi kuniambia neno lolote juu ya Paulina, si nenda wala usiende. Wala mimi sikuwahi kumwuliza. Niliogopa kumwuliza kwa sababu niliogopa atasema nenda.

Sasa yule Mwalimu, kwa wema wake, kesho yake alfajiri alifunga safari mpaka nyumbani kwetu kuniombea ruhusa. Mimi nilikuwa jikoni nasaga mtama. Nikasikia hodi, nikasikia salamu, nikamsikia Mama Safari akimkaribisha na kumpa maziwa ya mgando. Kisha nikamsikia Mwalimu akisema, "Mama, nimekuja kukuomba jambo. Mfungulie huyu binti njia. Mruhusu aende kwa mwenzake." Mwanangu, mikono yangu iliendelea kusaga, lakini juu ya jiwe la kusagia hapakuwa na mtama tena.

Mama Safari angeweza kuniumbua pale pale, na haki ingekuwa yake. Badala yake akasema, "Nimekusikia, Mwalimu. Mlango wangu haujafungwa." Akamsindikiza mpaka njiani, akarudi, akasimama mbele yangu. Alikuwa mwanamke mfupi, na mimi nimekaa chini, lakini siku ile nilimwona mrefu.

"Lini nilikukataza?" akaniuliza.

"Nisamehe, mama. Niliogopa. Nina mtoto tumboni."

"Kuogopa si kosa. Mimi nikiwa wewe ningeogopa. Lakini hofu hiyo ni yako. Kwa nini umenivika mimi?"

Akavuta kigoda, akakaa. Alizungumza kwa Kiiraqw, mimi nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa wewe Kiiraqw chako kinachechemea. Akaniambia jambo ambalo hata babu yako, mwanawe wa kumzaa, hakulijua. Alipokuwa mke kijana aliwekwa kando mara mbili. Ya kwanza ilikaribia mwaka. Mumewe alikuwa malishoni siku nyingi, naye akabaki na ndama mmoja.

"Nilikuwa naongea na yule ndama," akasema, "ili nisisahau sauti yangu. Chakula nilikuwa nacho. Watu waliniachia njiani, kama unavyofanya wewe. Njaa yangu haikuwa ya chakula."

Halafu akanipiga pale ambapo sikutegemea. "Ninyi mnasoma habari za Yesu wenu humu ndani kila jioni, mkidhani mzee huyu anasinzia. Nasikia. Alipokwenda kwa wenye ukoma, alisimama kwenye jiwe akawaita?"

"Hapana, mama. Aliwagusa."

"Basi. Mimi nilidhani ndiyo sababu mnamfuata."

Akainuka. Akachukua kigae, akaweka makaa matatu kutoka kwenye moto wetu, akayafunika na majivu, akajitanda shuka yake, akatoka. Hakuniambia nimfuate. Kama angeniambia, ningepata tena mtu wa kumtwika. Alipita shamba la mtama, akafika kwenye jiwe, akalipita bila kupunguza mwendo.

Usidhani nilikimbia nyuma yake. Nilisimama mlangoni. Nilimwogopea mtoto wangu kwa moyo wote. Nilijiambia, na likinipata kama lililompata Paulina, nitamlaumu nani? Watu husema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, na mimi kichwa changu kilikuwa kimeshalowa. Nikajaribu kusali moja ya zile sala zangu nzuri za Jumapili, haikuja. Kilichokuja ni aibu. Mwanamke ambaye hajabatizwa anakwenda kumfariji ndugu yangu wa ubatizo, na mimi niko mlangoni nimeshika tumbo. Nikaenda. Nilipofika kwenye jiwe nilifumba macho, nikapita kama mtu anayepita kwenye miiba.

Wanaume wa nyumba ile walikuwa malishoni. Ndani palikuwa na giza na baridi, moto umekaribia kuzimika. Paulina alikuwa amekaa juu ya ngozi ya ng'ombe, amekonda, nywele hazijaguswa. Alikuwa amejifunga kitambaa kifuani kwa kukaza. Nikaelewa mara moja, na kuelewa kwenyewe kuliniumiza. Maziwa yake yalikuwa bado yanakuja na hakuna wa kuyanyonya. Nami wiki tatu nzima nilikuwa nasimama kwa mbali nikimpigia kelele, maziwa, maziwa.

Mama Safari hakusema pole. Aliweka makaa yake, akapuliza, akaongeza vijiti, mpaka moto ukasimama. Ndipo akakaa karibu kabisa na Paulina, bega kwa bega, kama watu wanaosubiri gari.

Paulina alinitazama muda mrefu. "Umenenepa," akasema.

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yote yalikimbia. Nikasema, "Ndiyo," nikakaa.

"Mna maji?" Mama Safari akauliza. Paulina akasita, kisha akachota kwenye mtungi, akampa kibuyu. Mama Safari akanywa, akafuta mdomo, akanipa mimi. Nikakishika kwa ncha za vidole hata maji yakamwagika juu ya tumbo. Paulina akaona. Akanyoosha mkono akitaka kukichukua kile kibuyu.

"Usinywe, Emiliana," akasema. "Mwache mtoto. Mimi nimeshazoea."

Alisema bila hasira hata kidogo. Alikuwa ananihurumia yeye mimi. Machozi yakanitoka, na ilikuwa mara ya kwanza kumlilia Paulina mahali ambapo kina mama wa kanisa hawanioni. Nikanywa. Yalikuwa maji ya kawaida, ya baridi, yenye harufu ya moshi. Nikanywa yote.

Tukakaa. Baada ya muda akaniuliza kwa sauti ndogo, "Anacheza?"

"Anacheza sana."

"Naomba nimguse."

Nikasogea. Akaweka kiganja chake hapa ubavuni, na yule mtoto, kama aliyeitwa, akapiga teke. Paulina akalia kilio ambacho sijakisikia tena kwa mtu yeyote. Mimi nikataka kumwambia anyamaze, nikatazamwa na Mama Safari, nikafunga mdomo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na aliyezaa bila kupewa muda wa kumjua mwanawe ana uchungu usio na hata jina la kuuitia. Alilia mpaka akachoka, mkono wake ungali juu ya tumbo langu.

Kabla hatujaondoka akasema, "Tusali." Tukaanza Baba Yetu. Jina lako litukuzwe, ufalme wako ufike. Tulipofika "utakalo lifanyike", Paulina akasimama kama ng'ombe aliyeona shimo njiani.

"Hapo sipawezi," akasema.

Mimi nikaogopa, nikaona ni dhambi kuikatiza sala ya Bwana katikati. Lakini Mama Safari, ambaye sala yenyewe hakuijua, akasema, "Basi ishieni hapo. Kesho mtajaribu tena."

Na ndivyo tulivyofanya, mwanangu. Nilikwenda kila siku. Tulisali mpaka pale, tukaishia. Habari zikaenea kwamba mke wa Safari ameingia na bado ana tumbo lake, na mmoja mmoja watu wakaanza kulipita lile jiwe. Mwalimu akaja, safari hii akaingia ndani na kuketi. Kina mama wa kwaya wakaja, wengine wakinywa maji huku wamefumba macho, nami nikawaelewa. Wote walijifunza kuishia pale bila kuulizana. Hakuna aliyemhubiria Paulina kwamba Mungu amempenda zaidi yule mtoto, au kwamba atapata mwingine. Nadhani walitaka kusema. Mama Safari alikuwa na namna yake ya kuwatazama.

Mwezi wa kumi nilijifungua binti. Paulina ndiye aliyekuja kunipikia uji na kumwogesha mtoto. Jioni ya siku ya pili tukasali mimi na Paulina, Mama Safari ameketi nasi na mtoto. Tulipofika pale mimi nikanyamaza kwa mazoea. Paulina akavuta pumzi ndefu, akasema, "Utakalo lifanyike," taratibu, kama mtu anayevuka mto akipapasa mawe kwa mguu. Akavuka mpaka amina. Hatukumsifia. Tukaendelea kunywa uji.

Mama Safari alibatizwa miaka mingi baadaye, meno yameisha. Padre alipomwuliza kwa nini alichelewa hivyo, alijibu kwamba alikuwa anatuangalia kwanza kama wenyewe tunayasadiki.

Yule binti niliyemzaa ndiye mama yako. Sasa utasema, na wapo waliosema, mbona mama yako alikufa? Alikufa ana miaka ishirini na minne, kwa ugonjwa wa siku nne, akakuacha wewe una miaka minne. Mama mmoja alinong'ona msibani kwamba ni yale maji. Mwanangu, maji gani yanayosubiri miaka ishirini na minne? Nilitamani kumjibu, lakini siku zile sikuwa na nguvu ya kumjibu hata inzi.

Nikwambie jinsi ilivyokuwa, kwa sababu wewe hukumbuki. Nilikasirika na Mungu. Mimi, mwenye kipaji cha sala. Watu walijaa uani, na mimi nilijifungia kile chumba cha nyuma, nikasema sitaki mtu. Hakuna aliyetaka kunivunjia heshima, basi wakaniacha. Walikuwa wakiweka sahani ya chakula mlangoni, wanagonga, wanaondoka. Siku ya pili mlango ulifunguliwa bila hodi. Paulina. Yeye na mumewe walikuwa wamehamia Masieda wakati huo, na alikuwa ametembea kwenye mvua, matope mpaka magotini, na wewe umelala begani kwake, maana alikukuta uani ukizunguka unamtafuta mama. Akakaa chini kando yangu, bega kwa bega. Nilimjua mara moja aliyemfundisha kukaa vile.

Kina mama wa jumuiya walipomwona ameingia, nao wakaingia. Wakaanza sala kwa sauti zao zile za nguvu. Tulipofika pale, mdomo wangu ukafunga. Unajua ni wapi. Wenzangu wakaendelea, na mimi nikahisi naachwa peke yangu ng'ambo ya mto. Paulina akainua mkono.

"Leo tunaishia hapa," akawaambia. "Kesho tutajaribu tena."

Vijana kati yao walishangaa. Wale wa umri wangu waliinamisha vichwa. Mungu hakuniambia kwa nini alimchukua mama yako, hajaniambia mpaka leo, na siku hizi nimeacha kumsumbua kwa swali hilo. Lakini siku ile nilijua hajaniacha, kwa sababu alikuwa ameketi pale akinuka matope, na amekubeba wewe.

Walipotoka, Paulina akaivuta ile sahani iliyokuwa mlangoni. "Kula," akasema.

"Sitaki."

"Kula. Hapa kwako hakuna mbwa."

Nikamtazama, sikuelewa. Ndipo akaniambia jambo alilolificha miaka yote hiyo. Maziwa niliyokuwa nikimimina kwenye jiwe, hakuwahi kuyanywa hata tone. Alikuwa akisubiri niondoke, anampa mbwa wao.

"Yule mbwa alinenepa kwa huruma zako," akasema. "Alikuwa akisikia sauti yako tu, anatikisa mkia. Mimi nilikuwa nasikia nyayo zako zikikimbia."

Mwanangu, nilicheka. Mama yako ana siku mbili kaburini, na mimi nilicheka mpaka wewe ukaamka, kisha nikalia, kisha nikala ugali ule wote umeshapoa. Wewe ukala matonge mawili kutoka mkononi kwangu. Hapo ndipo nilipoanza kukulea.

Basi sikiliza ninachokwambia. Siku hizi metimani imekufa, na hakuna anayeogopa kunywa maji ya mfiwa. Lakini lile jiwe la mpaka sijui mmeling'oa lini, maana naona kila mmoja wenu anatembea nalo mfukoni. Mnaweka pole juu yake, mnaweka maua, mnageuka upesi. Sisemi ujumbe ni mbaya. Hata maziwa yangu yalikuwa mazuri. Ila fimbo ya mbali haiui nyoka, na Zainabu wako amebaki na nyoka huyo ndani ya nyumba, mama yake mzazi yuko Lindi.

Unasema utamtonesha kwa tumbo lako. Huenda ikawa kweli. Atakapokuona anaweza kulia, anaweza kugeuza uso, anaweza hata kukwambia leo sikutaki. Mpe nafasi ya kusema hivyo mwenyewe. Usimsemee ukiwa nyumbani kwako, kama mimi nilivyomsemea Mama Safari. Akikwambia ondoka, ondoka, na kesho upige hodi tena. Akitaka kuligusa tumbo, mwache aliguse. Asipotaka, jitande khanga mkae. Na ujichunguze vizuri, mwanangu, nakusihi: hiyo huruma ya kutomtonesha, ni yake au ni yako? Mimi ilinichukua wiki tatu kujua ilikuwa ya nani.

Usiende na maneno mengi. Nenda na unga, au viazi, washa jiko lake, kaa karibu. Usimwambie atapata mwingine. Muulize mtoto walimpa jina gani, kama walimpa. Yeye ni Mwislamu na ana sala zake, usimlazimishe zako. Baba Yetu isali njiani ukiwa kwenye bodaboda, na ukimkuta anasali kwa namna yake, nyamaza naye. Yesu tunayemfuata aliwafikia watu kwa miguu kabla ya kuwaambia neno, na mimi nimeona kwa macho yangu kwamba mara nyingi faraja yake huja na matope miguuni. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na siku ikifika kwako, kwa maana itafika, haijawahi kumruka mtu, usijifungie. Acha mlango bila komeo. Wewe mwenyewe ukishindwa kusali, ishia pale ulipofika, wenzako watakungoja.

Paulina yuko hapa wakati naandika. Mguu umevimba, amenyoosha juu ya kigoda, na ameniamuru niandike kwamba ukienda kumwona Zainabu, usiache kitu mlangoni, maana hata Gitting kuna mbwa.

Mwenyezi Mungu, aliyetuvusha sisi wazee kwa kushikana mikono, akushike na wewe. Ailinde miguu yako kwenye utelezi wa njia ile, akupe moyo wa kuingia na subira ya kukaa. Mtoto aliye tumboni mwako azaliwe salama, acheke kama Paulina, awe na shingo ngumu kama Mama Safari, na asikose mtu wa kuketi naye maisha yake yote. Amina.

Kesho shule ikitoka, nenda.

Bibi yako, Emiliana.